SINDANO YA KUZIMA JENI ZA MINYOO: NANI ATAIFIKISHA NDANI YA MNYOO?



Wiki iliyopita kwenye grupu letu la ukoo la WhatsApp uliingia ule ujumbe wa kusambazwa-sambazwa, hauna jina la mwandishi wala tarehe. "Wazungu wamegundua sindano inayozima jeni za minyoo. Kichocho kwisha kabisa!!!" Chini yake alama za mikono ya kuomba kama kumi na tano. Watu wakaanza kushukuru. Mjomba wangu, ambaye kwenye lile grupu huwa haandiki kitu isipokuwa kukiwa na msiba, akaandika neno moja tu: "Lini?"

Nikaona nimjibu. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikaona bora nilete huku, maana jibu limekuwa refu na naamini mjomba siye peke yake anayeuliza.

Kwanza mjue kwa nini anauliza. Mjomba ni mvuvi wa dagaa Ukerewe tangu akiwa kijana wa miaka kumi na mitano. Ukivua dagaa unaingia majini unataka hutaki: kusukuma mtumbwi, kuvuta nyavu, kuosha vyombo mwaloni asubuhi. Mwaka 2019 alitapika damu. Si ya kukohoa, hapana, ni beseni. Nyumbani wakasema karogwa, na zikapotea siku mbili kwa mganga kabla hatujamvusha kwa kivuko kumpeleka hospitali. Huko wakamwingiza mpira wenye kamera kooni, wakaona mishipa imevimba kama minyoo ya ardhini wakati wa mvua. Daktari akasema ini limekuwa gumu kwa sababu ya kichocho cha miaka mingi, damu inakosa njia, inapanda juu, mishipa inapasuka. Mjomba akashangaa, "Kichocho si cha watoto wanaokojoa damu?"

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Kichocho cha kukojoa damu kipo, kinasumbua sana Pwani, Unguja na Pemba, na huku kwetu kipo kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga. Lakini cha ziwani ni kile cha tumbo. Mnyoo wake anakaa kwenye mishipa ya damu inayotoka kwenye utumbo kwenda kwenye ini. Wanakaa wawili wawili, dume kamkumbatia jike muda wote, miaka mitatu, mitano, wengine kumi na zaidi. Jike hutaga mayai kama 300 kwa siku. Mengine hutoka na kinyesi yakarudi ziwani kutafuta konokono, na mengi yanabaki mwilini, yanasukumwa na damu mpaka kwenye ini na kukwama humo. Yanayoharibu ini ni hayo mayai kuliko mnyoo mwenyewe.

Kwa hiyo "lini" ya mjomba si ya mtu anayesoma habari kwa kujifurahisha.

Sasa tuje kwenye hiyo sindano. Mimi ni kidato cha nne tu, Bailojia nilipata C, kwa hiyo madaktari mlioko humu mnisahihishe kwa upole. Nimekaa na simu yangu siku tano nasoma makala za kitaalamu, Kiingereza chake kinatoa jasho. Niliyoelewa ndiyo haya.

Kila seli, iwe yako au ya mnyoo, ina DNA, ambayo ni kitabu cha maagizo. Kitabu hakitoki chumbani mwake. Agizo likitakiwa linanakiliwa kwenye karatasi ndogo inayoitwa RNA, karatasi inapelekwa kiwandani, kiwanda kinatengeneza protini. Sasa herufi za RNA zina wenzake: A hukaa na U (au T ya upande wa DNA), G hukaa na C. Ni kama meno ya zipu. Ukijua mpangilio wa herufi za agizo fulani unaweza kutengeneza maabara kipande kifupi chenye herufi kama 20 zilizopangwa kinyume chake, kikaenda kujifunga kwenye lile agizo kama zipu. Agizo likishafungwa halisomeki. Na seli ina kimeng'enya ambacho kikiona DNA imejifunga na RNA kinaikata ile RNA vipande. Agizo limekufa, protini haitengenezwi. Hivyo vipande ndivyo vinavyoitwa oligonukleotaidi za kinyume. Mimi nitaviita oligo, tusichoshane.

Wazo lenyewe halikuanza jana. Mwaka 1978 Paul Zamecnik na Mary Stephenson kule Harvard walionyesha kwamba kipande cha namna hii kinaweza kuzuia virusi kuzaliana ndani ya seli. Dawa ya kwanza ya aina hii iliruhusiwa Marekani mwaka 1998, ikitibu virusi vilivyokuwa vikiwapofusha wagonjwa wa Ukimwi. Mwaka 2016 ikaja Spinraza, ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa misuli kulegea. Hii yenyewe haikati agizo, inakaa juu yake na kubadilisha namna linavyounganishwa. Watoto ambao wasingeweza hata kukaa, wengine wakakaa. Kwa hiyo tusibeze, hii si porojo.

Ila sikilizeni hapa. Ile ya 1998 ilichomwa wapi? Ndani ya jicho. Spinraza inachomwa wapi? Kwenye maji ya uti wa mgongo. Nilipoona hivyo nikasimama kidogo. Kwa nini wasichome mkononi kama chanjo, au wasitoe kidonge? Kwa sababu tatizo la dawa hizi tangu mwanzo halikuwa kutengeneza kipande. Tatizo ni KUKIFIKISHA. Wakaona bora wakipeleke wenyewe mlangoni. Zilizofuata nyingi zinalenga ini la binadamu, kwa sababu oligo ikiingia kwenye damu inakimbilia ini na figo yenyewe, na tena siku hizi wanaifunga sukari fulani ambayo seli za ini zina mlango maalumu wa kuipokea. Jicho, uti wa mgongo, ini. Orodha ya sehemu zinazofikika ni fupi, na mnyoo hayumo. Mpaka naandika hapa hakuna dawa hata moja ya oligo iliyoruhusiwa kutibu binadamu mwenye minyoo ya aina yoyote.

Kwa nini mnyoo hafikiki? Huyu yuko katikati ya damu, si unachoma sindano tu inamkuta? Na mimi nilifikiri hivyo hivyo. Tumfuate huyo oligo safari yake.

Akiingia kwenye damu akiwa uchi, yaani kipande cha kawaida cha DNA, anararuliwa na vimeng'enya vya damu kwa muda mfupi sana. Wataalamu walishalitatua hili: sehemu fulani ya uti wake wanaondoa atomi ya oksijeni wanaweka salfa. Vimeng'enya vinashindwa kumtafuna, na tena anapata tabia ya kung'ang'ania protini za damu kama albumini, anasafiri nazo kama konda aliyening'inia mlangoni mwa daladala. Safi. Lakini baada ya saa chache anakuwa ameshatoka kwenye damu kaingia kwenye ini na figo. Kwa hiyo mnyoo aliyekaa mshipani anayo nafasi ya saa hizo chache tu wakati dawa inapita mbele ya nyumba yake.

Mnyoo wa kichocho ana milango miwili: ngozi na mdomo.

Ngozi yake ni kitu cha ajabu. Si seli nyingi zilizopangwa kama vigae, ni tabaka moja lililoungana mwili mzima, na juu yake kuna utando wa mafuta si mmoja bali miwili, umelaliana. Huo ndio unaomfanya akae kwenye damu yetu miaka kumi na askari wa mwili wakipita pembeni wasimtambue. Kupitia ngozi hiyo hiyo anafyonza glukosi yetu bila hata kufungua mdomo. Sasa prazikwanteli, kidonge chetu cha siku zote cha kichocho, ni molekuli ndogo, uzito wake 312 kwa kipimo cha wakemia, na inapenda mafuta. Inateleza inaingia, misuli ya mnyoo inakakamaa palepale. Oligo ana uzito kama 7,000, zaidi ya mara ishirini, na mwili wake wote una chaji hasi inayokataa mafuta. Ni sawa na kulinganisha mtoto anayepenya kwenye uzio na ng'ombe anayetaka kupita hapo hapo.

Mlango wa pili, mdomo. Hapa kuna matumaini zaidi, maana huyu mdudu ni mlafi. Kuna hesabu ya miaka ya sabini inayotajwa sana kwamba jike humeza chembe nyekundu za damu kama 330,000 kwa saa, dume kama 39,000. Akimeza damu anameza na albumini, na albumini imembeba oligo. Umefika tumboni! Tatizo tumbo lake ni kiwanda cha kuchakata protini, limejaa vimeng'enya vya kukata. Na halina tundu la nyuma. Akimaliza kula anatapika mabaki kwa mdomo ule ule. Kwa hiyo dawa ina muda wa kati ya kumezwa na kutapikwa kupita ukuta wa tumbo na kuingia ndani ya seli.

Na hata ikipita, bado. Seli ikimeza kitu kikubwa haikiachii ndani ovyo, inakifunga kwenye kijifuko. Hata kwenye seli za binadamu, ambazo zimechunguzwa miaka na miaka, oligo nyingi zinafia kwenye vile vijifuko, ni sehemu ndogo sana inayotoroka kwenda kufanya kazi. Kwa mnyoo wa kichocho vijifuko hivyo vinafanyaje kazi? Salfa ile inamsaidia oligo tumboni mwa mnyoo kama inavyomsaidia kwenye damu yetu? Anatoka tumboni anafika kwenye misuli na mayai, au anaishia ukutani? Hapa ndipo makala nilizozikuta zinaanza kuwa chache na fupi.

Kuna watakaosema, mbona tumesikia wameshazima jeni za minyoo maabara? Kweli kabisa. Habari ilianzia kwa mnyoo mdogo wa udongoni, C. elegans, asiyeumiza mtu. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwamba ukimpa RNA yenye nyuzi mbili jeni inayolingana nayo inazimika, wakapata Nobeli mwaka 2006. Hiyo ni ndugu wa njia ya oligo, si ile ile, lakini tatizo la mlangoni ni moja. Mnyoo huyu bwana ni wa ajabu, unamlisha tu bakteria waliobeba hiyo RNA, anakula, jeni inazimika mwili mzima! Dunia ikafurahi, ikadhani minyoo yote ni hivyo. Wakajaribu kwa minyoo inayoumiza, kwa mfano yule anayenyonya damu ya kondoo tumboni, Haemonchus. Jeni chache zikazimika, nyingi zikagoma. Baadaye ikaonekana C. elegans ana protini maalumu kwenye utumbo na kwenye kuta za seli za kupokea RNA na kuisambaza, na minyoo mingi ya kimelea haina seti hiyo kamili. Kumbe mnyoo wa mfano alikuwa na mlango ambao wenzake hawana.

Wa kichocho yeye ana unafuu. Tangu 2003 inajulikana kwamba akilowekwa maabara kwenye maji yenye RNA ya nyuzi mbili anaipokea. Mwaka 2020 kundi la James Collins kule Texas lilitoa kazi kubwa kwenye jarida la Science: walizima jeni 2,216 moja baada ya nyingine kwenye minyoo wakubwa, kama jeni moja katika kila tano alizo nazo, wakakuta zaidi ya 250 ambazo zikiguswa mnyoo anadhurika waziwazi. Mbili kati ya hizo zikizimwa misuli inaharibika, anashindwa kushika ukuta wa mshipa.

Lakini tazameni walivyothibitisha kwamba mnyoo huyo hawezi kuishi mwilini. Hawakumchoma panya sindano ya RNA. Walimtibu mnyoo nje, kwenye chombo, kisha wakampasua panya na kumrudishia mnyoo kwenye mishipa. Siwalaumu, ni ubunifu mkubwa. Ila kwa mjomba haisaidii, maana minyoo yake haiwezi kutolewa ikalowekwa kisha ikarudishwa.

Kwa hiyo jeni za kulenga zipo tele. Ramani ya jeni za mnyoo huyu ilichapishwa 2009. Kuna hata shabaha nzuri kupita zote kwa maoni yangu: minyoo ina tabia ya kubandika kichwa kimoja kinachofanana mwanzoni mwa maagizo yake mengi. Kwa minyoo ya mviringo ni herufi 22, kwa wa kichocho ni 36. Sisi binadamu hatuna mtindo huo. Ukiwa na kipande kimoja kinachofunga hicho kichwa, kwa karatasi umepiga maagizo mengi ya mnyoo kwa pamoja bila kugusa ya mgonjwa. Nilipoisoma hiyo usiku nilikaribia kumpigia mjomba simu. Halafu nikakumbuka: kwa mlango upi?

Basi siasa inaanzia hapo, na ndiyo maana nimeliweka hili kwenye uchambuzi wa habari na siyo kwenye afya.

Spinraza ilipotoka bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza na 375,000 kila mwaka unaofuata. Kampuni ilitumia miaka kuchunguza dawa inaingiaje kwenye seli za neva kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mlipaji. Sasa niambieni, nani atatumia miaka kuchunguza dawa inaingiaje kwenye utumbo wa mnyoo wa Ukerewe? Kidonge cha kichocho kwa mtoto mmoja kinagharimu chini ya nusu dola na hata hiyo hatulipi sisi. Tangu 2007 kampuni ya Merck ya Ujerumani inavitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani, siku hizi mpaka vidonge milioni 250 kwa mwaka. Tunashukuru, lakini tujue tulipo: kwa hesabu za shirika hilo mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 251 walihitaji tiba ya kichocho, waliopata ni kama milioni 75. Wengi wao ni Waafrika.

Na dawa yenyewe ni hiyo moja, ya miaka ya sabini. Inaua minyoo wakubwa, wachanga wa wiki tatu nne inawaacha, wanakua. Haizuii kuambukizwa tena ukirudi majini kesho. Mwaka 2019 ndipo kundi la Jonathan Marchant huko Wisconsin lilipoonyesha inapiga wapi hasa ndani ya mnyoo. Karibu miaka arobaini mabilioni ya vidonge yamemezwa bila mtu kujua kwa uhakika kinagusa nini! Hakuna aliyekuwa na haraka. Watoto wa chini ya umri wa shule walisubiri vilevile. Muungano wa kutengeneza dawa yao ulianza 2012, majaribio ya mwisho yakafanyika Kenya na Côte d'Ivoire, wakala wa dawa wa Ulaya akaikubali Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani likaithibitisha 2024. Miaka kumi na mbili kwa kidonge kidogo kinachoyeyuka kwenye maji, cha dawa ambayo tayari ilikuwepo.

Halafu wafadhili nao. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza misaada na mradi wake mkubwa wa magonjwa haya yasiyopewa kipaumbele ukakatwa kabla ya wakati. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, na ilipofika Julai 2025 USAID ikawa imefungwa. Mradi wake wa magonjwa haya ulikuwa unafanya kazi hapa Tanzania pia. Dawa ni ya bure kutoka Ujerumani, ila mafuta ya gari, boti ya kwenda visiwani, posho ya mwalimu anayewapima watoto urefu kwa ule mti wenye alama za dozi, hayo yana mtu wa kuyalipa. Mpwa wangu yuko darasa la tatu. Kila ikifika kingatiba nauliza kama amekunywa uji kwanza, maana akimeza tumbo tupu kinamzungusha. Sijawahi kujiuliza kama vidonge vitakuja. Sasa hivi najiuliza.

Najua mdau mmoja (unajijua) ataandika hapo chini kwamba dawa ipo, wamefungia kabatini ili tuendelee kuwa wagonjwa. Ndugu yangu, hapana. Kabati lingekuwa afadhali, tungelivunja. Hakuna kilichofungiwa, kuna kazi ambayo haijafanywa. Na maneno ya namna hiyo yana gharama. Mwaka 2008 Morogoro watoto walimeza vidonge hivi shuleni, wengine wakatapika na kusikia kizunguzungu, uvumi ukasambaa kwamba ni sumu, wazazi wakavamia shule. Hiyo ni kwa kidonge cha kawaida. Hebu fikirieni siku ukija na sindano ambayo jina lake lina neno "jeni" ndani yake, kwa watu ambao hawajaelezwa chochote, na wa kuwaeleza ndiyo ule ujumbe wa mikono kumi na tano ya kuomba.

Mwingine atasema mambo ya jeni ni anasa, tujenge vyoo. Vyoo tujenge, nani kakataa! Unguja na Pemba walikotoa dawa kwa bidii mwaka hadi mwaka kichocho kilishuka sana, na huko huko wakajaribu pia kuua konokono na kubadili tabia za watu. Lakini mvuvi wa Ukerewe hata umjengee choo cha marumaru ataingia majini alfajiri, na maji hayo yana kinyesi cha mialo yote ya jirani. Huyu anahitaji vyote viwili.

Mimi naona hivi. Swali lililobaki, oligo inaingia wapi kwa mnyoo, inadumu saa ngapi, inafika wapi, si swali la mabilioni. Vipande vifupi vya DNA vya kufanyia utafiti vinanunuliwa kwa dola chache, maabara zetu zenye mashine za kupima vinasaba zinaviagiza kila siku. Vile vyenye salfa na rangi inayong'aa vina bei zaidi, lakini bado si bei ya Spinraza. Unahitaji hadubini ya kuonyesha ile rangi, minyoo hai, na mtu mvumilivu wa kuhesabu. Minyoo na konokono tunao bure. Watafiti wa NIMR hapo Mwanza wamekuwa na kichocho miaka mingi, wanawajua konokono wa ziwa hili kuliko mtu wa Texas. Kujua kwamba inaingia au HAIINGII, yote mawili ni jibu. Ikithibitika haiingii, watu waache kupoteza muda watafute molekuli ndogo za kugonga zile jeni 250. Lakini bajeti yetu ya utafiti inasubiri mfadhili aulize swali ndipo sisi tulijibu, na mfadhili hana minyoo. Nasema hivi nikijua sina maabara wala digrii. Kama kuna anayefanya kazi hiyo tayari kimyakimya hapa nchini aniandikie, nitamwomba radhi hadharani na kumhoji.

Mjomba nilimpigia juzi usiku badala ya kuandika. Nikamweleza yote, habari ya ngozi yenye tabaka mbili, ya tumbo lisilo na tundu la nyuma. Hiyo ya kutapika ilimchekesha, akasema, "Kumbe na yeye anatapika damu kama mimi." Akanyamaza. Halafu akauliza kama mpaka mpwa amalize shule itakuwa imepatikana. Nikamwambia darasa la saba hapana, mjomba. Chuo kikuu, pengine, kama kuna mtu ataanza mwaka huu.

Akasema sawa. Akaniuliza bei ya dagaa sokoni Kirumba, nikamwambia, akakata simu maana mwezi ulikuwa haujatoka na wenzake walishawasha taa.